Mmumunyo sanifu wa sodiamu kaboneti kwa titresheni: mwongozo kwa maabara za shule za Tanga

Mwanafunzi akisoma 23.6 ml kwenye bureti (mrija wenye alama wa kudondoshea asidi) pale alipotarajiwa kusoma 25.0 ml, lawama ya kwanza humwangukia yeye: hakusuuza pipeti, hakuona rangi ikigeuka, alisoma bureti akiwa ameinama vibaya. Wakati mwingine ni kweli. Lakini darasa zima likikosea upande mmoja, na kwa kiasi kinachokaribiana, kosa halipo kwa wanafunzi. Lipo kwenye mmumunyo sanifu waliowekewa mezani, ule ambao nguvu yake inatakiwa kujulikana kamili. Titresheni yote (kupima nguvu ya mmumunyo mmoja kwa kuudondoshea mwingine mpaka rangi igeuke) husimama juu ya namba moja, yaani gramu za sodiamu kaboneti kavu zilizoingia kwenye flaski ya ujazo, na katika mji wa pwani kama Tanga namba hiyo huharibika upesi.

Hapa tunatengeneza lita moja ya sodiamu kaboneti (Na₂CO₃) ya 0.05 M (molariti, yaani moli kwa lita; moli ni kipimo cha idadi ya chembe), ya kupimia asidi ya hidrokloriki (HCl) ya takribani 0.1 M. Kaboneti ndiyo inayopewa kazi ya kuwa sanifu kwa sababu inaweza kukaushwa, kupimwa na kuaminiwa. Sodiamu hidroksidi haiwezi: vidonge vyake vikikaa kwenye kioo cha saa dakika chache tu hulowa vikang'aa kwa maji, na wakati huohuo vinavuta kabonidayoksaidi ya hewani. Asidi kali ya hidrokloriki nayo hutoa mvuke kila kizibo kinapofunguliwa, hivyo nguvu iliyoandikwa kwenye lebo yake ni ya kukadiria tu.

Soma lebo mpaka mwisho

Sodiamu kaboneti huuzwa kwa sura zaidi ya moja, na chupa zake hufanana. Isiyo na maji ni unga mweupe, na moli moja ina gramu 106. Ile ya fuwele zinazong'aa, yenye molekuli 10 za maji, ina gramu 286 kwa moli. Ukipima gramu 5.30 za fuwele hizo ukidhani ni unga mkavu, utapata mmumunyo wa takribani 0.0185 M, na wanafunzi watasoma 9.3 ml badala ya 25.0 ml.

Je, huwezi kutumia fuwele na kupiga hesabu kwa 286? Kwenye karatasi unaweza, ni gramu 14.30 kwa lita. Kwa vitendo usifanye hivyo. Fuwele hizo hupoteza maji yake polepole, na joto likifika nyuzi 32 huanza kuyeyuka ndani ya maji yaliyomo mwilini mwake. Stoo ya shule yenye paa la bati hufika joto hilo bila shida mwezi Februari. Ukifungua chupa iliyokaa mwaka mzima hujui tena kila moli imebaki na maji kiasi gani, na usichokijua huwezi kukiita sanifu.

Magadi ya dukani, yale ya kulainishia maharage, hayafai kabisa. Ni mchanganyiko wa kaboneti, haidrojeni kaboneti, maji na chumvi nyingine.

Kukausha: hatua inayorukwa zaidi

Unga usio na maji hauendelei kuwa hivyo baada ya chupa kufunguliwa. Kaboneti huvuta unyevu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha kuugeuza unga laini kuwa mabonge. Ikiwa asilimia 5 ya uzito uliopima ni maji, gramu zako 5.30 zina kaboneti gramu 5.035 tu, na mmumunyo ni 0.0475 M. Mwanafunzi aliyefanya kila kitu sawasawa atasoma 23.75 ml na kuambiwa amekosea.

Weka gramu 12 hadi 15 za unga kwenye bakuli la kaure au kruseti pana. Kiasi hicho kinatosha lita mbili na akiba kidogo. Kama kuna oveni inayofika nyuzi 250 hadi 270, saa moja inatosha. Kama hakuna, jaza mchanga mkavu kwenye kopo la bati, zika bakuli humo hadi nusu, na pasha kwa moto wa gesi wa wastani huku ukikoroga unga kwa kijiti kikavu cha glasi kwa dakika 40. Moto usifikie kuufanya unga uwe mwekundu. Joto likizidi mno kaboneti huanza kupoteza kabonidayoksaidi. Na usichomeke kipimajoto cha kawaida cha maabara kwenye mchanga huo. Vingi huishia nyuzi 110, na vitapasuka.

Utajuaje kuwa maji yameisha? Mwanzoni, shika kioo cha saa kikavu na baridi juu ya bakuli: ukungu ukitanda, maji bado yanatoka. Uthibitisho wenyewe ni mizani. Poza, pima, pasha tena dakika 15, poza, pima. Vipimo viwili vinavyofuatana vikitofautiana kwa 0.01 g au chini ya hapo, unga umekauka. Kinyume chake, ukitosheka na kukausha mara moja bila kurudia, unakisia.

Kupoza kufanyike ndani ya desiketa, chombo kinachofungwa chenye kitu cha kunyonya unyevu. Bakuli la moto juu ya mizani hupandisha hewa inayolizunguka na kusoma pungufu. Bakuli lililopozwa wazi mezani huvuta upya unyevu uliouondoa. Shule isiyo na desiketa itumie chupa ya plastiki au ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko kinachokaza, chini yake ziwekwe chembe za silika jeli, kisha bakuli likae juu ya kigoda kidogo. Pakiti za silika zinazokuja na viatu na vifaa vya umeme zinafaa, mradi uzitoe chembe zake na kuzikausha kwanza kwenye joto la takribani nyuzi 120. Acha bakuli lipungue joto kidogo kabla ya kufunga, hasa kama chupa ni ya plastiki.

Kama kaboneti imekwisha lakini stoo ina sodiamu haidrojeni kaboneti safi ya maabara, unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa moto huohuo. Gramu 20 zikipashwa mpaka uzito usibadilike hubaki gramu 12.6 za kaboneti, maji na kabonidayoksaidi zikiwa zimeondoka. Njia hii ni nzuri mno, na kwa maoni yetu ni bora kuliko kutegemea kopo la kaboneti lililofunguliwa miaka miwili iliyopita. Bekingi pauda isitumike: ina asidi na wanga ndani yake.

Maji

Mapango ya Amboni yalichongwa na maji katika mwamba wa chokaa, na chokaa ndiyo malighafi ya saruji inayotengenezwa Pongwe. Maji yanayopita kwenye mwamba wa namna hiyo, au kwenye matumbawe ya pwani, hubeba kalisiamu na haidrojeni kaboneti. Kwa kunywa hayana neno. Kwa titresheni ya asidi ni balaa, kwa sababu haidrojeni kaboneti hula asidi kama sodiamu kaboneti inavyokula. Tuseme kisima kina miligramu 300 za haidrojeni kaboneti kwa lita: kila 25 ml ya mmumunyo uliotengenezwa kwa maji hayo itadai asidi ya ziada ya 1.2 ml. Darasa litasoma 26.2 ml. Mara nyingi mmumunyo huo pia hugeuka ukungu, kalisiamu ikijitenga kama chokaa, na hilo ni onyo la wazi.

Maji ya bomba ya jiji, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, nayo si maji matupu. Yametiwa dawa, na klorini inaweza kufifisha rangi ya methaili oranji, kiashiria kinachoonyesha kwa rangi asidi inapotosha. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kufaa, lakini hakikisha si asidi ya betri, kwa kuwa madumu yake hukaa rafu moja. Maji ya mvua ni msaada mkubwa kwa shule ya mbali: acha mvua ya mwanzo ioshe bati, kinga yanayofuata kwenye ndoo safi, chuja, chemsha dakika 10 ili kufukuza kabonidayoksaidi, kisha poza yakiwa yamefunikwa.

Chochote utakachotumia, kijaribu. Chukua 50 ml ya maji hayo, tia matone 2 ya methaili oranji, kisha dondoshea asidi ya 0.1 M tone kwa tone. Maji mazuri yataacha unjano na kuwa ya chungwa kwa matone 2 au 3. Yakidai matone 10, yamwage. Yale ya kisima tuliyotaja yangedai karibu 50.

Kupima

Gramu 5.30 zinatokana na 0.05 × 1 × 106. Wengi hutengeneza 250 ml kwa sababu ndiyo flaski iliyopo, wakahitaji gramu 1.325. Mizani ya shule nyingi husoma hatua za 0.01 g, kwa hiyo hiyo 5 ya mwisho haionekani kabisa. Kosa la 0.01 g kwenye 1.325 ni asilimia 0.75, sawa na 0.19 ml kwenye bureti. Kosa hilohilo kwenye 5.30 ni asilimia 0.19, yaani 0.05 ml, tone moja. Kama una flaski ya lita moja, itumie, hata kama darasa ni dogo.

Pima kwa tofauti. Weka unga mkavu kwenye chupa ndogo ya kupimia au bika dogo, soma uzito, mimina unga kwenye bika kubwa, kisha rudisha chombo kile kwenye mizani pamoja na vumbi lililobaki ndani yake. Tofauti ya namba mbili ndiyo iliyoingia. Usikisuuze, usikigonge kwa kucha. Funga madirisha na zima feni kwanza. Upepo wa bahari unaopita Raskazone na Chumbageni unatosha kuifanya namba ya mwisho icheze.

Usihangaike kufikia 5.30 kamili. Anayeongeza na kupunguza kwa ncha ya kijiko anauacha unga wazi kwa dakika kadhaa, nao unavuta maji muda wote huo. Pata chochote kati ya 5.2 na 5.4 kwa haraka, andika kilichosomeka, halafu hesabu molariti halisi. Gramu 5.28 ni 0.0498 M, na mmumunyo wa 0.0498 M unaojulikana una thamani kuliko wa 0.05 M unaodhaniwa.

Kuyeyusha na kujaza flaski

Tia maji 300 ml kwenye bika la 500 ml kwanza, kisha nyunyizia unga kidogokidogo huku ukikoroga. Ukifanya kinyume, yaani kumwaga maji juu ya unga, kaboneti hushikana ikawa bonge gumu chini ya bika na utakoroga nusu saa. Bika litapata joto kidogo. Kaboneti isiyo na maji hutoa joto inapoyeyuka. Liache lipoe hadi joto la chumba. Hapa ndipo haraka huumiza: flaski ikijazwa hadi alama mmumunyo ukiwa na nyuzi 50, ukipoa kufikia nyuzi 28 ujazo hupungua kwa asilimia 0.8, yaani 8 ml kwa lita, na mmumunyo unakuwa mkali kuliko hesabu yako. Flaski yenyewe imepimwa kwa nyuzi 20, lakini tofauti ya kati ya 20 na 28 ni ndogo na kwa kazi ya shule inavumilika.

Flaski isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa tu. Si lazima iwe kavu, maji yaliyomo yatahesabiwa ndani ya lita. Usiikaushe kwa moto, glasi ikipanuka hairudi sawasawa palepale.

Mimina kwa kupitia faneli, mmumunyo ukiteremka kwenye kijiti cha glasi. Suuza bika mara tatu, 30 ml kila mara, na kila suuzo liingie flaskini. Suuza kijiti, suuza faneli ndani na kwenye mkia wake, kisha iondoe. Jaza hadi theluthi mbili, zungusha flaski kwa mkono bila kuifunga, halafu endelea mpaka ubaki sentimita moja chini ya alama. Kausha shingo juu ya alama kwa karatasi ya kunyonya iliyosokotwa, la sivyo matone yaliyong'ang'ania yatateremka baadaye. Malizia kwa dropa, jicho likiwa sawa na alama, mpaka sehemu ya chini ya mpindo wa maji iiguse. Jicho likiwa juu ya alama utajaza pungufu, likiwa chini utazidisha.

Funga, shika kizibo kwa kidole gumba, pindua flaski juu chini mara 20, kila mara ukisubiri kiputo cha hewa kipande chote. Shingo ni nyembamba, na mmumunyo wa humo hauchanganyiki kwa kutikisa tu. Baada ya kupindua utaona kimiminika kimeshuka kidogo chini ya alama. Usiongeze maji! Kilichopungua kimelowanisha kizibo na shingo, na kina kaboneti ndani yake. Kuongeza maji hapo ni kuuharibu mmumunyo uliokwisha kuwa sahihi.

Ukipitisha alama, kuvuta kilichozidi kwa pipeti hakusaidii, unatoa na kaboneti. Mwaga uanze upya. Ikiwa kemikali ni chache, kuna njia ya kuokoa: kabla ya kupindua, bandika ukanda mwembamba wa karatasi pale mmumunyo ulipofika. Changanya, hamishia kwenye chupa, kisha ujaze flaski kwa maji hadi alama na uongeze kwa bureti mpaka kwenye ukanda. Ikiwa umeongeza 6.4 ml, ujazo wako ulikuwa 1006.4 ml, na hesabu inafuata hapo.

Kuhifadhi, na asidi ya kupimwa

Hamishia kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara mbili kwa kiasi kidogo cha mmumunyo wenyewe. Kaboneti hula glasi polepole na hugandisha vizibo vya glasi visitoke tena. Lebo iwe na jina, molariti kwa tarakimu tatu, tarehe na jina la aliyetengeneza. Ukikuta matone juu ndani ya chupa kesho yake, tikisa kabla ya kumimina: ni maji yaliyopanda kutoka kwenye mmumunyo.

Kwa asidi, fungua madirisha uliyoyafunga. Tia maji 500 ml kwenye chombo cha lita moja, ongeza 8.6 ml ya asidi kali ya asilimia 37, asidi iingie majini na kamwe si maji kwenye asidi, kisha jaza hadi lita. Hiyo ni takribani 0.1 M. Bureti isuuzwe kwa asidi hiyo, pipeti kwa kaboneti, na flaski ya koni kwa maji peke yake. Kiashiria ni methaili oranji, matone 2. Fenofthalini, kiashiria kingine, hupoteza rangi kaboneti ikiwa imefika nusu ya safari tu, ilipogeuka haidrojeni kaboneti, na utasoma 12.5 ml.

Kila moli ya kaboneti hula moli mbili za asidi. Kwa kaboneti ya 0.0498 M, pipeti ya 25.0 ml na wastani wa 24.60 ml kwenye bureti, asidi ni 2 × 0.0498 × 25.0 ÷ 24.60, yaani 0.101 M.

Kabla ya mtihani, fundi sanifu wa maabara apime mmumunyo wa pili uliotengenezwa upya kuanzia mizanini, kwa asidi ileile. Baada ya kurekebisha kwa molariti ya kila mmoja, tofauti isizidi 0.10 ml. Ikizidi, chunguza kwa upande iliko. Usomaji wa chini humaanisha unga wenye maji, suuzo lililosahaulika, au flaski iliyopita alama. Wa juu humaanisha maji ya kisima au flaski iliyojazwa ikiwa na joto. Na ikiwa vikombe vya kwanza kumiminwa vinasoma chini huku vya mwisho vikisoma juu, flaski haikupinduliwa vya kutosha, kaboneti nyingi ilibaki chini.

Wanafunzi 40 wanaopewa 150 ml kila mmoja wanahitaji lita 6. Tengeneza lita moja moja mara sita, kila moja na uzito wake ulioandikwa, kisha zote ziingie kwenye ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko, iliyo kavu, na zikorogwe kwa pamoja kabla ya kugawa. Molariti ya kuandika ubaoni ni jumla ya gramu zote ikigawanywa kwa 106, kisha kwa 6.